Mvuke na Mapatano: Sauna ya Wafini katika Mambo ya Dola

Msafiri atokaye Dodoma kwenda Tabora kwa gari la moshi hufika Itigi baada ya kuipita Manyoni. Mji si mkubwa. Reli ilipita hapo Wajerumani walipokuwa wakiijenga kutoka Dar es Salaam kuelekea magharibi, hata ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Pande zake vimeenea vichaka vilivyosongamana, ambavyo wataalamu wa mimea ulimwenguni huviita kwa jina la mji huu. Mvua zake ni za msimu mmoja, kiangazi chake ni kirefu, na jua la mwezi wa Oktoba halina huruma. Mtu wa mahali kama hapa akiambiwa ya kuwa liko taifa ambalo wakubwa wake hujifungia katika chumba chenye joto la digrii 80 au 90 ili wazungumze habari za vita na amani, hana budi kucheka. Atauliza: je, joto la jua halikuwatosha?

Swali hilo ni la haki. Taifa lenyewe ni Ufini, chumba chenyewe huitwa sauna, na desturi ya kuzungumza mambo ya dola humo ndani si hadithi tupu. Imefika hata Dar es Salaam. Insha hii yakusudia kuonyesha desturi hiyo ilitumika vipi, ilifanya nini na haikuweza kufanya nini. Jibu litolewalo aghalabu ni kwamba joto huulegeza ulimi kama ulevi uulegezavyo. Jibu hilo ni jepesi mno, na aliyelikubali hatafahamu kwa nini desturi hii ilikuwa na thamani kwa taifa dogo, wala kwa nini yatuhusu sisi.

Kwanza yafaa ieleweke ya kuwa mvuke si mgeni kwetu. Katika nchi za bara, Itigi ikiwamo, mgonjwa wa homa au mafua huchemshiwa majani katika chungu, akajifunika blanketi pamoja na chungu hicho, akavuta mvuke mpaka jasho limtoke. Watu huita kujifukiza, au kupiga nyungu, maana nyungu ni chungu. Mwaka 1920 au mwaka wowote wa karne ile hapangekuwa na haja ya kulieleza jambo hili mbele ya wasomi. Lakini mwaka 2020, maradhi ya korona yalipoingia nchini na Rais John Magufuli akawahimiza watu wajifukize, nyungu ilitoka uani ikaingia katika mabishano ya hadhara. Huko Pwani nako mvuke ulikuwa na nyumba zake. Sultani Said alijenga hamamu ya Kidichi, Unguja, mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe, binti wa nasaba ya wafalme wa Uajemi, aliyezoea starehe hiyo kwao. Baadaye Sultani Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, alijenga katika Mji Mkongwe hamamu ya watu wote, na mtaa ule ukaitwa Hamamni mpaka leo. Hamamu ya Kidichi yenyewe ilikuwa na siasa ndani yake, kwa kuwa ndoa ile ilikuwa kiungo baina ya nyumba mbili za kifalme, na kumtunzia bibi desturi ya kwao kulikuwa ni kuwatunzia heshima jamaa zake.

Tofauti ni kwamba nyungu ni ya mtu mmoja na hutafutwa kwa ajili ya dawa. Sauna ni ya watu wengi, na hutafutwa hata na mwenye afya. Ni chumba cha mbao, chenye madaraja ya kukalia na jiko ambalo juu yake yamepangwa mawe. Mawe yakisha kupata moto sawasawa, hunyunyiziwa maji, na mvuke hupanda. Wafini huuita mvuke huo löyly, neno ambalo zamani lilikuwa na maana ya roho au pumzi ya uhai. Watu hukaa uchi, au wamejifunga taulo, wakatoka nje kupoa, wakarudi tena. Zamani wanawake walijifungulia humo, na maiti walioshwa humo, kwa sababu palikuwa ndipo mahali safi kupita pote nyumbani. Wazee wa Ufini waliwafundisha watoto wao kukaa katika sauna kama wakaavyo kanisani. Taifa lile lina watu milioni 5.5 tu, na sauna zake zakadiriwa kuwa zaidi ya milioni 3. Mwezi wa Desemba 2020, mwaka ule ule wa mabishano ya nyungu kwetu, shirika la UNESCO liliuingiza utamaduni huu katika orodha ya urithi wa wanadamu.

Sasa tutazame hali ya taifa lenyewe. Ufini ilikuwa chini ya Uswidi kwa karne nyingi, kisha tangu 1809 ikawa chini ya mfalme wa Urusi, hata ikapata uhuru mwaka 1917. Mwaka 1939 Urusi ya Kisovieti iliishambulia. Vita vilipokwisha Ufini ilikuwa imebaki huru, lakini ilikuwa imepoteza kadiri ya sehemu moja katika kumi ya nchi yake, na watu zaidi ya 400,000 walihamishwa makwao. Mwaka 1948 ikalazimika kufanya mapatano ya urafiki na msaada na jirani yake huyo huyo. Waswahili husema wapiganapo tembo nyasi huumia. Ufini ilikuwa nyasi iliyoota mlangoni mwa tembo, nayo haikuwa na mahali pa kuhamia.

Katika hali hiyo Urho Kekkonen aliongoza kuanzia 1956 hata 1982. Makazi yake yalikuwa Tamminiemi, nyumba iliyo kando ya bahari mjini Helsinki, nayo ilikuwa na sauna. Mwezi wa Septemba 1960 Kekkonen alitimiza miaka sitini, na miongoni mwa wageni waliokuja kumpongeza alikuwa Nikita Khrushchev, mkuu wa dola ya Kisovieti. Yasimuliwa ya kuwa usiku ule wawili hawa waliingia katika sauna na mazungumzo yao yaliendelea mpaka alfajiri. Jambo lililokuwa likimsumbua Kekkonen lilikuwa la biashara. Mataifa ya Ulaya ya Magharibi yalikuwa yameunda jumuiya ya biashara huria, Ufini iliuza mbao na karatasi huko, na kukaa nje ya jumuiya kungeidhuru sana. Lakini kuingia bila ridhaa ya Moscow kungeitia hatarini. Mnamo Machi 1961 Ufini ilitia sahihi mapatano ya kushirikiana na jumuiya hiyo, na Moscow haikuzuia. Tangu hapo hadithi ikaenea ya kuwa mvuke wa Tamminiemi ndio uliofungua mlango wa magharibi.

Mwanafunzi wa historia hana budi kuipokea hadithi hii kwa uangalifu. Mapatano yale hayakuzaliwa usiku mmoja. Yalitanguliwa na mazungumzo marefu ya maofisa waliovaa suti zao na kukaa mezani, na Moscow nayo ilipewa haki zake katika biashara na Ufini. Tena, miezi saba tu baada ya sahihi ile, tarehe 30 Oktoba 1961, dola ya Kisovieti iliiletea Ufini barua ya kudai mashauri ya kijeshi kwa mujibu wa mapatano ya 1948, na nchi nzima ikaingiwa na hofu. Safari hii Kekkonen hakumngoja mgeni Tamminiemi. Ilimbidi yeye mwenyewe asafiri mpaka Novosibirsk, ndani ya Siberia, akaonane na Khrushchev huko. Alifaulu, mashauri yale yakaahirishwa. Lakini ni dhahiri ya kuwa mvuke wa mwaka uliotangulia haukuwa umeifuta tofauti ya nguvu baina ya mkubwa na mdogo. Aliyekwisha kukaa uchi na mwenzake aweza bado kumwandikia barua ya kutisha.

Kama ni hivyo, sauna ilisaidia nini? Kwa maoni yangu, ilisaidia mambo matatu, na la tatu ndilo kubwa. Kwanza, ilivua vyeo. Mtu aliyeacha nguo zake nje ameacha nishani zake nje pia, na walinzi wake, na makatibu wake, na karatasi aliyoandikiwa aisome. Pili, ilitoa muda. Katika mkutano wa kawaida kila neno hupimwa kwa saa, na kimya huonekana kuwa ni kushindwa. Katika sauna kimya ni adabu, na hapana anayelazimika kujibu papo hapo. Tatu, ilimfanya mdogo kuwa mwenyeji. Khrushchev alikuwa mkubwa katika kila mizani: majeshi, ardhi, watu. Lakini mle ndani hakujua kiasi cha maji ya kumwaga juu ya mawe, wala wakati wa kutoka kupoa. Aliyejua ni Kekkonen. Kwa saa chache, kanuni ya mahali ilikuwa kanuni ya Ufini, na mkubwa aliifuata kwa hiari yake, pasipo kuona ya kuwa ameshurutishwa.

Ili tuone uzito wa jambo hilo la tatu, yatufaa turudi nchi za jirani na Itigi, maana historia yake yatupa mfano wa kinyume. Katika karne ya kumi na tisa, nchi ya Wakimbu ilitiwa chini ya mkono mmoja na mtu aliyeitwa Nyungu ya Mawe, yaani chungu cha mawe, jina la kujigamba ya kuwa yeye si chungu cha udongo cha kuvunjika. Alikuwa wa ukoo wa watawala wa Unyanyembe, akajitenga nao, akakusanya rugaruga, akaweka wawakilishi wake juu ya watemi aliowashinda. Alifariki mwaka 1884, na nafasi yake ikashikwa na binti yake, Mgalula. Miaka kumi na mmoja baadaye, mwaka 1895, Mgalula aliwakabili Wajerumani. Hakupigana nao vita ambavyo hangeweza kuvishinda. Alijisalimisha, nao wakaivunja dola ya baba yake vipande vipande. Mtu aweza kusema ya kuwa hapakuwa na njia nyingine, na huenda ni kweli. Lakini na tuangalie namna ya mazungumzo yenyewe. Masharti yalikuwa ya Wajerumani na kanuni zilikuwa zao. Mgalula alikuwa mwenye nchi, wala hakuwa mwenyeji. Chungu cha mawe hakikuvunjwa kwa nyundo peke yake. Kilivunjika kwa kukosa meza ambayo mkubwa angekuja kuikalia kama mgeni.

Sina nia ya kusema ya kuwa sauna ingaliiokoa Ukimbu. Dola za Ulaya wakati ule hazikuja kutafuta jirani; zilikuja kutafuta makoloni. Nasema tu ya kuwa mdogo asiye na nyumba ya kumkaribishia mkubwa huongea daima katika nyumba ya mwingine, na maneno yake hupungua uzito kabla hayajatoka kinywani.

Desturi hii ililetwa karibu yetu na Martti Ahtisaari. Alizaliwa mwaka 1937 katika mji wa Viipuri, na alikuwa na umri wa miaka miwili vita vilipoanza; mji huo ukachukuliwa na Urusi, naye akakua akiwa mmoja wa wale waliohamishwa. Mwaka 1973 alitumwa Dar es Salaam awe balozi wa Ufini, akiiwakilisha nchi yake pia katika Zambia, Somalia na Msumbiji. Balozi nyingi za Ufini ulimwenguni zina sauna, na Ahtisaari hutajwa kuwa miongoni mwa wale waliotumia sauna katika kazi yao, nchini Tanzania na baadaye katika mambo ya Indonesia. Mtu aliyepata kukaa Dar es Salaam mwezi wa Januari ataona kichekesho katika habari hii. Lakini tumekwisha kuona ya kuwa joto silo jambo lenyewe.

Dar es Salaam ya wakati ule haikuwa kituo cha kawaida cha balozi. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake humo tangu 1963. FRELIMO iliundwa humo mwaka 1962, na SWAPO ya Namibia ilipata kuwa na ofisi humo. Wapigania uhuru, ambao katika miji mikuu ya magharibi wangengoja mlangoni, mjini Dar es Salaam walikuwa watu wa kukaribishwa. Tanzania ilikuwa maskini, lakini ilikuwa imejifanya mwenyeji. Kwa hiyo balozi wa nchi ndogo ya kaskazini aliingia katika mji wa nchi changa ambao kwa njia yake wenyewe ulikuwa ukifanya lile lile lililofanywa Tamminiemi. Hapo Ahtisaari alijuana na viongozi wa SWAPO, na kujuana huko kulizaa matunda.

Uhusiano wa Wafini na Namibia ulikuwa wa zamani, maana wamisionari wao walifika kaskazini mwa nchi hiyo tangu 1870. Mwaka 1977 Ahtisaari akawa Kamishna wa Umoja wa Mataifa kwa Namibia, na mwaka uliofuata akawekwa kuwa mjumbe maalumu wa Katibu Mkuu katika jambo hilo. Kazi ilichukua zaidi ya miaka kumi, kwa kuwa Afrika Kusini haikutaka kuiachia nchi ile. Hatimaye uchaguzi ulifanyika Novemba 1989, chini ya usimamizi wa Umoja wa Mataifa, na Namibia ikawa huru tarehe 21 Machi 1990. Ahtisaari akaja kuwa rais wa nchi yake tangu 1994 hata 2000. Mwaka 2005 akawapatanisha serikali ya Indonesia na wapiganaji wa Aceh, waliokuwa wamepigana kwa karibu miaka thelathini, na mapatano yao yakatiwa sahihi Helsinki tarehe 15 Agosti. Mwaka 2008 alitunukiwa Nishani ya Amani ya Nobel. Alifariki mwezi wa Oktoba 2023.

Katika habari hizi zote, mtu asiseme ya kuwa Namibia ilikombolewa na mvuke. Ilikombolewa na watu wake, waliokufa wengi, na vita vya nchi za jirani, na mashauri ya mataifa makubwa. Mpatanishi hutengeneza mahali; wenye ugomvi ndio wapatanao. Lakini mahali si kitu kidogo.

Yafaa pia tuseme wazi mapungufu ya desturi hii. La kwanza ni heshima. Kwetu sisi, Pwani na bara, mtu hawezi kukaa uchi mbele ya mkwewe, na Mwislamu ana mipaka ya sitara ambayo haivuki kwa ajili ya adabu ya mwenyeji. Mgeni akilazimishwa kuvua kitu ambacho kwake ni heshima, hajafanywa sawa na mwenyeji. Amefedheheshwa, na aliyefedheheshwa hapatani, hulipiza. Kwa sababu hiyo sauna ya dola ina maana tu pale mgeni awezapo kukataa asichukiwe, au kujifunga taulo asichekwe. La pili ni wanawake. Kwa desturi, wanaume na wanawake wasio wa nyumba moja huoga mbali mbali. Maadamu mambo ya dola yalikuwa mikononi mwa wanaume, jambo hilo halikuonekana kuwa na kasoro. Ufini yenyewe ilipompata rais mwanamke, Tarja Halonen, mwaka 2000, ilikuwa dhahiri ya kuwa chumba kinachofungia nje nusu ya watu hakiwezi kuitwa chumba cha usawa. Mgalula, kama angaliishi katika zama za Kekkonen, asingaliingia mle. La tatu ni siri. Yasemwayo ndani ya mvuke hayana mwandishi, na wananchi ambao hatima yao inazungumzwa hawana njia ya kujua walichouziwa. Faragha huzaa ukweli, lakini huzaa hila pia.

Turudi basi kwa mtu wa Itigi na swali lake. Jibu ni kwamba Wafini hawakuingia chumbani kutafuta joto. Walikuwa wakitafuta mahali ambapo jirani mkubwa angekubali kuwa mgeni, wakatazama nyumbani kwao, wakaona kitu ambacho kila mkulima alikuwa nacho uani, wakakitumia. Hawakuiga kumbi za wafalme wa Ulaya, ambazo ndani yake wangekuwa wadogo daima. Hilo ndilo fundisho, nalo halina haja ya mbao wala mawe ya moto.

Sisi nasi tumepata kulifanya. Mazungumzo ya amani ya Burundi yalikaa Arusha, yakiongozwa kwanza na Mwalimu Julius Nyerere na baada ya kifo chake mwaka 1999 na Nelson Mandela, mpaka mapatano yakatiwa sahihi Agosti 2000. Wenye ugomvi walisafiri kuja kwetu, wakakaa katika nchi isiyokuwa na majeshi ya kuwatisha wala mali ya kuwahonga. Na chini ya hayo yote iko desturi iliyo kongwe kuliko dola: baraza la Pwani, na kivuli cha mti katika vijiji vya bara, ambapo mwenye ng'ombe na mwenye shamba huketishwa, wakapewa maji, na hapana anayesimama mpaka mzee amalize. Msomi hupita akaona wazee wamekaa tu. Kekkonen angepita hapo angeitambua kazi inayofanyika.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Aghalabu twaifahamu methali hiyo kuwa mgeni huleta zawadi. Historia ya sauna yatuonyesha maana nyingine, ya kwamba mwenyeji hupona kwa sababu ya ule uenyeji wenyewe. Taifa lipotezalo mahali pake pa kukaribishia wengine, liwe baraza, mti au chumba cha mvuke, limepoteza kinga ambayo hakuna ghala la silaha liwezalo kuirudisha.